Ukijikubali ulivyo, utaendelea vipi? Uzi kwa watu wa Lamu, Malindi na kwengineko

BintiMkomani (mleta mada)

Asalaam aleikum wenzangu, na hamjambo nyote mnaopita hapa. Nina jambo nimekaa nalo muda, nikaona nilitoe barazani tulizungumze.

Mimi ni mwalimu. Jioni husomesha wasichana waliomaliza kidato cha nne, hapa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, Kiingereza na hesabu. Wengi wao KCSE haikuwapa ile C+ ya kuingilia chuo kikuu, na sasa wako njia panda: mmoja anauza mabuyu na achari, mwengine anafanya usafi katika nyumba ya wageni Shela, mwengine yuko nyumbani anangojea posa. Watu wakiwaona husema vijana wa siku hizi wavivu. Mimi uvivu siuoni. Naona watoto waliochoka kujichukia.

Simu zao zimejaa mawaidha ya aina mbili. Ya kwanza yanawaamrisha: amka saa kumi alfajiri, oga maji baridi, maliza kitabu kila wiki, kata marafiki wasiokupandisha, na ukishindwa ujue kosa ni lako mwenyewe. Ya pili yanawabembeleza: jipende ulivyo, usimsikilize mtu, asiyekutaka aende zake. Msichana hufuata ya kwanza mpaka anavunjika, kisha anakimbilia ya pili mpaka anajiona amezembea, halafu anarudi kule kule. Wanaowahutubia hawamjui hata mmoja wao. Hawajui kwamba alfajiri huyu ameshaamka, amesali, ameteka maji, amewaandaa wadogo zake waende chuoni (madrasa) na skuli.

Nawapa mfano mmoja ambao ndio hasa ulionifanya niandike. Nina mwanafunzi ambaye daftari lake la hesabu likishasahihishwa halifungui tena. Analipokea, analitia mkobani, basi. Kila zoezi analianza upya kwenye ukurasa mpya, na makosa ni yale yale. Anasoma kwa bidii kuliko wenzake wote! Lakini wino mwekundu unamuuma, kwa kuwa yeye hausomi kama "hapa umekosea", anausoma kama "wewe hufai". Siku moja nilikaa naye, nikamwambia hesabu hujui, sawa, hilo limekwisha, sasa tutazame ni wapi hasa hujui. Tulifungua ukurasa baada ya ukurasa. Karibu makosa yote yalitoka mahali pamoja, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Jambo dogo ambalo lilimfanya aamini hana akili kabisa.

Kwa hiyo fikira yangu ni hii. Anayejichukia hawezi kujirekebisha kwa muda mrefu, kwa sababu kila akijitazama anaumia, na kinachouma mtu huacha kukitazama. Asiyejitazama hajui la kurekebisha. Kujikubali kunampa mtu uwezo wa kukaa na kasoro yake mbele yake bila kuikimbia, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Ila kuna upande wa pili unaonisumbua. Msichana mwengine alikwenda Nairobi kusoma, akachekwa kwa sababu anasema "ndoo" na "yeo" kwa Kiamu chetu, badala ya "njoo" na "leo". Karudi anajikosoa kila akifungua mdomo, na hilo analiita kujiendeleza. Mimi moyo unakataa. Kujifunza Kiingereza naona ni kukua, kuuona haya ulimi wa mama yako naona ni kunyauka. Lakini mstari uko wapi? Mtu atajuaje lipi katika nafsi yake ni la kurekebishwa na lipi ni la kuachwa lilivyo? Hilo ndilo swali langu. Karibuni, na tuzungumze kwa utulivu.

PateYetu

Uzi huu naufuatilia mpaka mwisho. Huyo wa daftari ni mimi kabisa.

Kijana_Mokowe

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mazungumzo ya namna hii mimi yananitia khofu.

Sisi wa huku tumeambiwa turidhike tangu tuko mgongoni kwa mama. Ukisema unataka kusomea umeme, unaambiwa kila mtu na fungu lake. Ukiuliza kazi ziko wapi, unaambiwa vuta subira. Bandari imejengwa Kililana, gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, meli zinatia nanga. Kazi za mitambo zinataka cheti na mimi cheti sina. Sasa nikae nijikubali? Wazee wenyewe walisema ajizi nyumba ya njaa.

Mimi kinachoniamsha asubuhi ni hasira. Nikijitazama kwenye kioo nasema wewe bure, toka hapa ukatafute. Nikiacha kujisema hivyo naogopa nitalala moja kwa moja. Na nawaona waliolala. Wako barazani tangu asubuhi, miraa mdomoni, wamejikubali barabara.

BintiMkomani

Kijana, ahsante kwa kusema wazi. Hofu yako ni ya haki na sitaipita juu juu.

Kuna watu hutumia maneno ya ridhaa kuwanyamazisha wengine. Mwenye nacho anapomhubiria asiyenacho aridhike, hayo siyo ninayoyasema hapa. Kukubali nafsi yako ni jambo moja, kukubali hali uliyowekwa ni jambo jengine, na mara nyingi haya mawili yanakwenda kinyume. Umetaja bandari, basi nikukumbushe jambo la hapa hapa kwetu. Wakati ujenzi unaanza, watu wa Lamu walikwenda mahakamani mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na ikaamuru wavuvi walioathirika, kama 4,600, walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Wavuvi, Kijana. Watu wa nyavu na madema. Kama wangejiona ni bure, kama wangesema uvuvi ni kazi ya waliofeli, nani angesimama mbele ya jaji akasema bahari hii ni riziki yangu na ina thamani? Anayejidharau hadai haki yake, kwa kuwa ndani ya moyo wake anaamini hastahili.

Ndiyo maana neno "wewe bure" linaniuma unapojiambia. Hasira ya kukosa mafunzo ni yako na ina mahali pake. Lakini aliyekunyima mafunzo si huyo unayemtukana kwenye kioo.

NasahaPwani

Salaam. Mimi kazi yangu ni ushauri nasaha, na ningependa kuongeza kitu kutoka upande huo, kwa sababu swali la mleta mada ndilo lililozaa mojawapo ya njia za tiba zinazotumika sana leo.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Alikuwa akiwatibu watu wenye mateso makubwa ya moyo, wengi wao wakiwa wameshajaribu kujiua. Mwanzo alifuata njia ya kuwabadilisha: fikra hii iache, tabia hii ibadilishe. Wagonjwa wakahisi wanalaumiwa, kwamba tatizo ni wao. Upande wa pili ukawa kuwakubali tu na kuwasikiliza, nao wakahisi hakuna anayeyachukulia maumivu yao kwa uzito, maana hakuna kinachofanywa yapungue. Kila upande peke yake ukashindwa. Basi akaviweka vyote viwili katika tiba moja: unafanya unavyoweza, na bado unahitaji kujifunza kufanya vizuri zaidi. Vitabu vyake vya kufundishia tiba hiyo vilitoka mwaka 1993. Mwaka 2011 alijitokeza hadharani akaeleza kwamba yeye mwenyewe alipokuwa msichana alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, na aliyapitia yale yale ya wagonjwa wake. Mimi nilipolisikia hilo, heshima yangu kwake ilizidi.

Sasa Kijana, umesema ukiacha kujitukana utalala. Wengi huogopa hivyo. Jambo hili lilijaribiwa. Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika mwaka 2012 kuhusu wanafunzi waliopewa mtihani mgumu wa msamiati ambao wengi waliufanya vibaya. Baadhi yao waliambiwa maneno ya upole: mtihani huu ni mgumu, watu wengi huupata taabu, usijihukumu vikali. Wengine waliambiwa maneno ya kuwasifu akili zao. Wengine hawakuambiwa kitu. Kisha wote wakapewa nafasi ya kujisomea kabla ya mtihani wa pili. Walioambiwa maneno ya upole ndio waliosoma kwa muda mrefu zaidi. Upole haukuwalaza. Na angalia, hata sifa hazikufikia upole.

Sijui wangapi humu wanabeba jambo zito, kwa hiyo niseme na hili kabisa. Ukifika mahali hulali, chakula hakipiti, au mawazo ya kutaka kufa yanakujia, hiyo si kazi ya kumalizia kwenye simu. Nenda hospitali, mwambie mtu wa karibu akusindikize.

FundiChokaa

Mwalimu, lile swali lako la lipi libadilishwe na lipi liachwe, mimi kazi yangu hunijibu kila siku.

Hukarabati nyumba za mawe za mji wa kale. Mgeni akiingia, la kwanza huuliza kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba na virefu namna hii. Jawabu ni boriti. Dari inabebwa na boriti za mkoko, na mkoko unaofaa kazi hiyo hautoi boriti ndefu. Ukuta hadi ukuta ni mita 2.5, ikizidi sana 3. Wazee waliujua urefu wa boriti wakaukubali. Hawakuunga boriti mbili katikati ili wapate ukumbi mpana wa kujionyesha, kwa maana dari ingelikuja kuwaangukia usiku wamelala.

Lakini nani atasema nyumba za Amu, yaani Lamu, hazikukua? Walichokosa kwa upana walikitafuta kwengine. Ukitoka kiwanda, yaani ua wa nyumba, waingia msana wa tini (ukumbi wa chini), nyuma yake msana wa yuu (wa juu), nyuma yake chumba cha ndani, na kila uingiapo sakafu imeinuka kidogo. Ukutani wakatia zidaka, vile vishubaka vya mapambo, kwa chokaa nyeupe mpaka macho yanaona mbali kuliko ukuta ulipo. Binti akiolewa, baba humpandishia ghorofa. Na pakikosekana nafasi huvuka ndia kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya vichwa vya watu mpaka nyumba ya pili. Nyumba imekua karne na karne, na boriti ni ile ile. UNESCO walipoutia mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001, ni hizo nyumba nyembamba walizozistahi.

Mtu naye ana boriti zake. Mwengine mwili wake si wa kazi ya nguvu. Mwengine hawezi kelele za watu wengi. Mwengine amezaliwa ameshakuwa mama wa wadogo zake kabla hajawa mtu mzima. Huo urefu ukubali, ujue kwa vipimo, kisha ujenge unavyotaka juu yake.

La pili, na hili naliona sana siku hizi. Mtu ana ukuta wa matumbawe na chokaa umeanza kumeguka. Anatia sementi, kwa kuwa sementi ndiyo ya kisasa. Miezi ya mwanzo ukuta unang'ara. Lakini ukuta ule ulikuwa ukipumua. Sasa unyevu hauna pa kutokea, chumvi inakaa ndani, na baadaye plasta inavimba na kuanguka, na inaposhuka hushuka na jiwe. Ukuta wa chokaa hurekebishwa kwa chokaa. Yule binti anayeacha kusema "yeo" ili afanane na watu wa Nairobi, mimi namuona anatia sementi. Ajifunze lugha zote za dunia, lakini azitie juu ya yake.

Na kabla sijatia mkono ukutani, huugonga kwanza, niusikie pale palipoachana ndani. Fundi anayeogopa kugonga atapaka rangi tu na kuondoka.

PateYetu

Fundi usiondoke humu tafadhali.

Kijana_Mokowe

Fundi, nimekuelewa na nimependa. Lakini nikuulize kwa heshima. Nitajuaje kwamba huo ni urefu wa boriti yangu kweli, na si maneno ya watu tu? Skuli niliambiwa hesabu si zako wewe. Miaka minne tulikaa na walimu wanaokuja na kuondoka. Nani aliipima hiyo boriti?

BintiMkomani

Hilo ndilo swali kubwa kuliko langu.

Naona mipaka mingi tunayoiita ya maumbile haijapimwa hata mara moja. Mtoto aliyekaa bila mwalimu wa hesabu hakupimwa, aliachwa. Mwanasaikolojia Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford ametumia miaka mingi kuchunguza jambo hili: mtoto anayeamini akili ni kitu alichopewa mara moja tu hukimbia swali gumu, maana kushindwa kutafichua kwamba hana. Anayeamini akili hukuzwa hulikabili. Yule mwanafunzi wangu wa daftari aliamini amefika mwisho wa boriti, na kumbe ni kifungu kimoja cha darasa la sita alichokikosa. Kwa hiyo kabla mtu hajasema "hivi ndivyo nilivyo", na ajiulize: nilishafundishwa vizuri? Nilishapewa muda? Kama jawabu ni hapana, basi bado hujui ulivyo.

Kuna mipaka mingine ambayo haihitaji kupimwa mara mbili. Umri uliokwisha pita. Maradhi ya kudumu. Wazazi uliozaliwa nao. Rangi ya ngozi yako, na hapa naomba wasichana wanisikie, maana mafuta ya kuchubua yanauzwa mpaka vichochoroni. Ngozi haina kosa la kusahihishwa.

Mimi nilikuwa nawapa wanafunzi kipimo hiki: je, ungelitaka mabadiliko haya hata kama hakuna mtu yeyote angeyaona? Nataka kusikia mnasemaje.

MamaSabaki

Hodi humu, kutoka Malindi. Mwalimu, hicho kipimo cha mwisho kwangu hakikai.

Mimi ni mtu wa hoteli. Nimejifunza Kitaliano kwa kusikiliza, nimejifunza kutabasamu hata mgongo unauma, nimejifunza kutembea na sinia. Yote hayo nimeyafanya ili yaonekane. Pasingekuwa na mgeni, Kitaliano ningekitaka cha nini? Mwenye nafasi ndiye anayejibadilisha kwa ajili ya nafsi yake tu. Sisi wengine twajibadilisha kwa ajili ya ada za watoto, na sioni aibu ndani yake. Mwanangu amemaliza skuli kwa "buongiorno" yangu.

Taabu yangu mimi huja msimu ukifungwa. Mvua za masika zikianza wageni hupungua, ukifika mwezi wa Mei na Juni hoteli nyingi hufunga milango na sisi tunarudi nyumbani. Basi nikikaa nyumbani bila kazi ndipo nafsi inapoanza kunisuta. Ungeliweka akiba. Ungelisoma. Wenzako wamefungua maduka. Wewe bila sare ya hoteli ni nani? Miaka nimekuwa nikiupitisha mwezi wa Juni kama mtu aliyefiwa.

Kilichonisaidia si maneno makubwa. Jirani yangu mmoja, Mgiriama, mkulima huko karibu na mto, aliniambia kwamba yeye shamba likiwa halina kitu hajiiti asiye mkulima. Nikaanza kuishi vingine. Msimu ukifungwa nafanya jambo moja tu la kujiendeleza, moja, nalichagua kabla hoteli haijafungwa. Mwaka mmoja ilikuwa kushona. Mwaka mwengine kujifunza kuandika hesabu za biashara kwa mpangilio. Saa nyengine zote nakaa na watu wangu, napika, nalala mchana bila kujiona nina hatia. Kujinyoosha kwangu kuna mwanzo na mwisho. Sikubali tena liwe jambo la kila saa.

Kwa hiyo mimi kipimo changu ni hiki: nikirudi nyumbani, nikivua sare, najisemeza vipi? Kama bado najisemeza vizuri, basi Kitaliano na tabasamu havijaniharibu. Kama najisemeza kama yule msimamizi mkali, pana kitu kimekwenda kombo, hata kama mshahara umepanda.

BintiMkomani

MamaSabaki, kipimo chako ninakichukua, na kesho nawapelekea wasichana. Hasa hilo la kuwa na mwanzo na mwisho. Yale mawaidha ya simuni hayana mwisho kabisa. Ukifika hapa unaambiwa pale, ukifika pale kule.

UstadhLangoni

Bismillahi. Nimewasoma nyote na nimefurahi kwamba hakuna aliyetukanwa. Niongeze kidogo kutoka kwenye dini, maana wengi wetu humu ndiko tunakosimama, na ndugu zetu wasiokuwa Waislamu watanivumilia.

Nawasikia vijana wakisema dini inataka mtu asiridhike na nafsi yake hata kidogo. Kuna hadithi katika Sahihi Muslim juu ya sahaba aliyeitwa Hanzala. Alikutana na Abu Bakr akamwambia, Hanzala amekuwa mnafiki! Akaeleza: tukiwa mbele ya Mtume tunaikumbuka pepo na moto kama tunaviona kwa macho, tukirudi nyumbani tunacheza na wake zetu na watoto na kushughulika na mali, tunasahau mengi. Abu Bakr akasema hata mimi hayo hunipata. Wakaenda wote wawili kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Akawaambia kwamba lau mngedumu katika hali mnayokuwa nayo mkiwa kwangu, malaika wangewapa mikono vitandani mwenu na njiani mwenu. Lakini, ewe Hanzala, saa na saa. Akalirudia mara tatu.

Tazameni. Hanzala alijihukumu kwa neno zito kuliko yote, na hakuambiwa kweli wewe mnafiki, wala hakuambiwa usijali, starehe. Aliambiwa kwamba binadamu ameumbwa na saa za kupanda na saa za kushuka, na kwamba kucheza na mwanao si kuanguka. Na katika hadithi nyengine iliyo Bukhari na Muslim, amali anazozipenda Mwenyezi Mungu zaidi ni zile zinazodumu hata zikiwa chache. MamaSabaki na jambo lake moja la msimu, nimemuweka hapo.

Kwa upande wa Kijana, naye hana makosa. Qurani, Sura ya Raad aya ya 11, inasema Mwenyezi Mungu habadilishi yaliyoko kwa watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo katika nafsi zao. Kukaa tu hakuna. Muhasaba upo, na mtu aifanyie hesabu nafsi yake kila siku. Lakini muhasaba ni hesabu. Mfanyabiashara anayepiga hesabu za duka lake jioni hatii moto duka kwa sababu leo amepata hasara.

Na nikumbushe yaliyokuwa hapa Langoni. Habib Swaleh alipokuja Amu kutoka Ngazija, elimu ilikuwa ya nyumba kubwa. Yeye aliwafungulia watu ambao hawakupewa nafasi: waliokuwa watumwa, wageni, maskini. Msikiti wa Riyadha ukatokana na kazi hiyo, na mpaka leo maulidi yanasomwa kwa matwari (matari) na dunia inakuja kusikiliza. Hakuwaambia kwanza wageuke wawe watu wengine ndipo wakae mbele ya kitabu. Waliketi walivyo, na walipoinuka walikuwa na elimu. Mimi nikisoma mjadala huu nawakumbuka wao.

NasahaPwani

Ustadh, hiyo ya Hanzala nitaitumia kazini kwa ruhusa yako. Wengi wanaokuja kwangu, wakishuka kidogo tu huamini wameshuka kwa jumla.

FundiChokaa

Kijana, sijakujibu lile lako. Boriti haipimwi kwa macho, hupimwa kwa fimbo, tena na mtu anayeijua kazi. Wewe ulipimwa kwa macho. Sasa niambie, mikono yako inafanya nini? Sikuulizi skuli.

Kijana_Mokowe

Mashine za boti. Nilikuwa nikimfuata ami yangu tangu mdogo, na sasa wenye boti za abiria wananiita mimi moja kwa moja. Lakini hiyo ni kazi ya kuokoteza tu.

FundiChokaa

Umejisikia ulivyosema "tu"? Watu wanavuka Mokowe mpaka Amu, na watoto wao, juu ya mashine ulizozitengeneza.

Kuna mitihani ya ufundi ya serikali, ya NITA, ile mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Hupimwa kwa kazi ya mikono na maswali ya kazi yenyewe. Vijana wangu wawili wa uashi wameifanya na wana vyeti vyao. Hawakuulizwa walipata nini hesabu. Hiyo ndiyo fimbo ya kupimia. Ukianzia kwenye kile unachokijua tayari, hasira yako itakuwa na kazi ya kufanya.

Kijana_Mokowe

Sikujua kama mtu wa mashine anaweza kupimwa hivyo bila kuanza chuo. Fundi, kwa sisi wa Lamu mtihani unafanyiwa wapi? Na mtu wa mashine za boti anaingia fani gani, ya magari au ipo yake?

Mwalimu, na zile hesabu zako za jioni, ni za wasichana peke yao?

BintiMkomani

Jioni ni za wasichana, nimewaahidi wazazi wao. Lakini Ijumaa baada ya sala ya Alasiri nina nafasi, na kaka yangu atakuwepo. Njoo na daftari, na kama unalo lile la zamani lenye wino mwekundu, njoo nalo hilo hilo.

Juu ya fani na mahali pa mtihani, nitapita ofisi ya mafunzo ya ufundi ya kaunti wiki hii niulize, nikipata jawabu nitaliandika hapa. Aliyeufanya mtihani huo kwa mashine za boti, kutoka Lamu, Malindi au hata Kwale, naomba aandike alivyofanya, tangu kujiandikisha mpaka cheti.